Seva ya chuoni, mtandao wa vyuo, au klaudi? Tuziweke zote tatu mezani

Mradi mkubwa wa utafiti ukiingia chuoni ugomvi huu lazima uzuke: data tunazichakata wapi na tunazitunza wapi. Mtafiti mkuu anataka mashine ikae maabara kwake aione kwa macho, mkurugenzi wa TEHAMA anataka iingie kwenye chumba cha seva maana ikifa yeye ndo ataulizwa, mhasibu anataka kitu chenye invoisi moja na risiti ya EFD, na mfadhili aliyeko Ulaya anashangaa kwanini msitumie klaudi tu kama wenzenu. Na wote wana hoja, ndo maana kikao kinafika saa nane mchana watu hawajakubaliana hata kitu kimoja.

Naandika nikiwaza zaidi vyuo vya Tanzania, ila mlioko Kenya na Uganda mtaona mambo hayapishani sana. Nalinganisha njia tatu: seva au klasta (seva nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kama moja) ya chuo chenyewe, huduma za pamoja kupitia mtandao wa kitaifa wa vyuo (TERNET kwetu, KENET Kenya, RENU Uganda), na klaudi ya kulipia, yaani kukodi kompyuta za makampuni makubwa kupitia intaneti. Kuna njia ya nne, ile ya kila mwanafunzi wa PhD kutembea na diski ya nje kwenye mkoba, hiyo ipo na labda ndo inayotumika kuliko zote, lakini siilinganishi na chochote, iacheni.

Vigezo kwanza, mashine baadaye

Data. Uzito wake na usiri wake. Jenomu, yaani DNA yote, ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ina herufi kama milioni 23 tu, ya binadamu ina bilioni 3, kwa hiyo sampuli moja ya binadamu ikisomwa kwa kina cha mara 30 (kila herufi inasomwa wastani wa mara 30) inaweza kukuletea faili za GB 100 hivi. Sampuli mia mbili tu ushafika TB 20. Wakati huo mwenzako wa idara ya sosholojia mwenye dodoso la kaya 3,000 data zake zote zinaenea kwenye flashi. Hawa wawili wanakaa kikao kimoja cha "miundombinu ya utafiti" na kila mmoja anadhani mwenzake anaongelea shida ile ile.

Upande wa usiri, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo ilianza kutumika Mei 2023, Kenya na Uganda walipitisha za kwao 2019, na zote zina masharti ya kutoa taarifa za watu nje ya nchi. Kwa utafiti wa afya hapa kwetu kuna pia makubaliano ya kuhamisha data yanayopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kwa hiyo "seva iko nchi gani" ni swali la kisheria, sio la fundi peke yake.

Pesa. Watu wanauliza shilingi ngapi, mimi nasema uliza pia inalipwa lini na inatoka kifungu gani. Mwaka wa fedha wa chuo cha umma unaanza Julai unaisha Juni. Mradi una miaka mitatu au mitano na unaanza mwezi wowote mfadhili atakaosaini. Na data hazina habari na kalenda ya mtu, zinakaa kimya miezi nane mkisubiri vibali na vitendanishi, halafu zinamwagika zote ndani ya wiki tatu na kila mtu anataka majibu kabla ya kongamano. Kalenda tatu, chuo kimoja. Kwa maoni yangu ugomvi karibu wote wa TEHAMA na watafiti umelala hapo, aina ya mashine ni kisingizio.

Watu. Nani ataweka mfumo, nani atasasisha, nani atapokea simu ya mtafiti Jumamosi usiku.

Umeme na mtandao. Piga hesabu mwenyewe kabla hujasikiliza muuzaji yeyote. Kuhamisha TB 1 kwa kasi halisi ya Mbps 10 ni kama siku 9, kwa Mbps 100 ni kama saa 22, kwa Gbps 1 ni zaidi kidogo ya saa 2. Nimesema kasi halisi, ile unayoipata saa nne asubuhi wanafunzi wote wakiwa wamewasha simu, sio ile iliyoandikwa kwenye mkataba.

Mradi ukiisha. Mfadhili akiondoka nini kinabaki, na bili inaenda kwa nani.

Njia ya kwanza: seva au klasta ya chuo

Data. Hapa ndo ina nguvu zake. Data za wagonjwa zinabaki ndani ya geti, kamati ya maadili inalala usingizi, na kama una mashine ya kusoma DNA jengo hilo hilo unavuta waya tu, hakuna kusubiri intaneti. Mfumo kama REDCap, ule wa kukusanya data za utafiti uliotoka Vanderbilt kule Marekani, taasisi zisizo za faida zinapewa bure lakini lazima muwe na seva ya kuuweka, na kwa seva ya kawaida tu yenye bakapu nzuri unahudumia miradi kibao.

Pesa. Inatoka kwa mkupuo, na wafadhili wengi hawana shida na vifaa kwa sababu kifaa kinapigwa picha, kinabandikwa stika, kinaingia kwenye rejista ya mali. Vyuo vya umma vilivyo kwenye mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vimepata nafasi ya kununua vitu ambavyo miaka ya nyuma vilikuwa ndoto. Shida ni gharama za baadaye. Seva inayokula kilowati 1 saa 24 inamaliza yuniti 8,760 kwa mwaka, ukikadiria shilingi 300 kwa yuniti ni kama milioni 2.6, na hapo hujaweka kiyoyozi, hujaweka betri za UPS zinazochoka kila baada ya miaka michache, hujaweka dizeli. Sasa hiyo ni seva moja, klasta ya rafu nzima ni habari nyingine.

Kuna mfano naupenda hapa. Kompyuta kubwa ya Texas iliyoitwa Ranger ilizimwa 2013, na badala ya kutupwa, sehemu yake ikasafirishwa kuja CHPC, kituo cha kompyuta kubwa cha Cape Town, ili rafu zigawiwe vyuo vya Afrika. Wazo zuri sana na limefundisha watu wengi kuendesha klasta, ila vifaa vya kizazi kile vinakula umeme mwingi kwa kazi ambayo leo seva chache mpya zinaimaliza. Kwa hiyo msaada wa mashine za bure ukija, kabla ya kupiga makofi mtume mtu wa estate akaangalie uwezo wa transfoma na nani atalipa luku.

Watu. Hapa ndo inapofia. Mtu anayejua Linux vizuri, anayejua kupanga foleni ya kazi kwa Slurm, anayejua pia kuongea na mwanabaolojia bila kumdharau, akikaa chuoni miaka miwili benki na makampuni ya simu yanamchukua. Muundo wa utumishi una afisa TEHAMA daraja fulani, hauna mtu wa kompyuta za utafiti, na huyo afisa mliyempa klasta ndo huyo huyo anayeitwa projekta ikigoma ukumbini na mfumo wa usajili ukigoma wiki ya kwanza ya muhula. Akichagua, atakimbilia usajili, maana wanafunzi elfu ishirini wanapiga kelele kuliko profesa mmoja, na mimi simlaumu.

Umeme na mtandao. Intaneti ikikatika kazi za ndani zinaendelea, hilo ni kubwa. Umeme ukikatika ndo basi, na mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 kila mtu anaukumbuka. Kazi ya siku sita ikikatika siku ya tano bila kuhifadhi hatua za katikati inaanza moja.

Mradi ukiisha. Mashine inabaki, ila waranti imeisha na diski zinaanza kufa moja moja, na hakuna kifungu cha kununua nyingine. Hapo ndo unakuta rafu nzuri kabisa imezimwa na mlango umefungwa na kufuli.

Inawafaa: vyuo vya afya vyenye data nyeti nyingi, vikundi vyenye kazi ya kila siku isiyokatika mwaka mzima, na sehemu yenye angalau watu wawili wa seva. Nasema wawili kwa makusudi, mmoja akienda likizo ya uzazi au masomoni asiondoke na nywila zote kichwani.

Njia ya pili: mtandao wa kitaifa wa vyuo na huduma za pamoja

Hii ndo inayosahaulika, watu wanajua TERNET kama "wale wa bandwidth" basi. Mitandao hii ni ya wanachama, vyuo na taasisi za utafiti zenyewe, na ya kanda yetu imeunganishwa na UbuntuNet Alliance yenye makao Lilongwe, Malawi, ambayo nayo kupitia fedha za AfricaConnect za Umoja wa Ulaya imeungana na mitandao ya utafiti ya Ulaya.

Data. Faida kubwa ni njia. Faili zako kutoka Morogoro kwenda kwa mshirika wa Uholanzi zinaweza kupita barabara ya watafiti bila kugombania nafasi na watu wanaoangalia mpira. Kwa usiri iko vizuri pia, seva ikiwa ndani ya nchi na inasimamiwa na taasisi ambayo chuo chenu ni mwanachama wake, maongezi na kamati ya maadili ni mafupi. Ila uwezo wa kuhifadhi sio wa kumwaga TB 50 bila kuuliza, lazima mpatane.

Pesa. Ada ya uanachama na huduma, inalipwa kwa shilingi, kwa invoisi ya kawaida, mhasibu anafurahi. Chuo kikilipa ada kwa ajili ya intaneti tayari kimeshaingia mlangoni, mara nyingi watafiti hawajui tu.

Watu. Ndo ubora wake nionavyo mimi. Badala ya kila chuo kutafuta yule mtaalamu adimu, anakaa sehemu moja na kuhudumia wengi. KENET na RENU wamefika mbali hapa, wana seva pepe, mafunzo, na eduroam imeenea mpaka mtafiti wa Makerere akifika chuo cha Nairobi laptopu yake inaingia Wi-Fi yenyewe bila kuomba nywila. Lakini timu zao nazo sio kubwa, ukipeleka ombi Ijumaa usitegemee jibu Jumamosi.

Umeme na mtandao. Umeme ni kazi yao, na vituo vya data vya namna hii vimejengwa kwa ajili hiyo kuliko chumba cha seva ambacho zamani kilikuwa stoo. Mtandao kati ya chuo na wao ndo kiungo chenu dhaifu, fiba ikikatwa na mchimba barabara mnasubiri.

Mradi ukiisha. Huduma haifi kwa sababu haikuanzishwa na mradi wako. Unaweza kupunguza matumizi ukabaki na hifadhi ndogo ya kutunza data. Hatari ni ya upande mwingine: mitandao yenyewe imetegemea fedha za nje kwa sehemu, na wanachama wakichelewa kulipa ada nayo inayumba.

Kwa kazi nzito kweli kweli kuna ngazi ya juu yake. CHPC ya Cape Town ilizindua 2016 kompyuta kubwa iitwayo Lengau, ikiwa na uwezo wa petaflop 1 (hesabu milioni bilioni moja kwa sekunde), na kituo kimekuwa kikishirikiana na nchi za SADC, Tanzania tumo. Nairobi kuna klasta ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ambayo imelea wanabaolojia wengi wa kanda kupitia mafunzo. Milango hii inafunguka kwa ushirikiano wa kisayansi kuliko kwa pesa, kwa hiyo anayebisha hodi awe mtafiti mwenye pendekezo, sio ofisi ya manunuzi.

Inawafaa: vyuo vidogo na vya kati, miradi ya vyuo vingi kwa pamoja, na yeyote anayetaka bakapu nje ya jengo lake kwa bei ya kibinadamu.

Njia ya tatu: klaudi ya kulipia

Data. Microsoft walifungua kituo Johannesburg 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg Januari 2024. Karibu kuliko Ireland, ila kisheria bado ni nje ya nchi. Kwa data za wagonjwa andaa makaratasi mapema, na kwa taasisi za umma Tanzania kumbuka Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, eGA, yaani Mamlaka ya Serikali Mtandao, wahusishwe kabla hamjahamisha chochote. Kwa data zisizo na majina ya watu, mfano picha za setilaiti, mambo yanageuka kabisa: data zenyewe tayari ziko huko. Google Earth Engine, huduma ya kuchakata picha za setilaiti huko huko mtandaoni, ina picha za setilaiti za Landsat na Sentinel za miaka mingi na kwa utafiti usio wa biashara ni bure, sasa mtu wa misitu au kilimo anashusha TB za picha kwenye laptopu za nini? Vivyo hivyo Galaxy, jukwaa la mtandaoni la kuchakata data, kwa watu wa jenomu, seva zake za wazi zinakupa uchakataji bure ukiwa ndani ya kiwango chao cha hifadhi.

Pesa. Unalipa unachotumia, na kwa zile wiki tatu za mafuriko ya data hakuna njia inayoishinda, unawasha mashine 40, unamaliza, unazima. Ila usipozima! Mwanafunzi kawasha mashine ya GPU (chipu ya hesabu nzito, kama za akili mnemba) Ijumaa kaenda harusini, bili inatembea tu. Kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuzitoa unalipa, kwa Amazon vituo vya Marekani bei ya kuanzia imekuwa senti 9 za dola kwa GB baada ya GB 100 za bure za mwezi, na Cape Town ni ghali zaidi. TB 20 zako kuzirudisha nyumbani ni zaidi ya dola 1,700. Mwaka 2024 makampuni yote matatu yalitangaza kufuta tozo hiyo kwa anayehama moja kwa moja, lakini kwa anayetoa mara kwa mara iko pale pale. Halafu bili ni ya dola, na 2024 hiyo hiyo dola ilipita shilingi 2,700, bajeti iliyoandikwa kwa kiwango cha zamani ikapigwa panga bila mtu kuamua.

Na kulipa kwenyewe! Klaudi inataka kadi, chuo cha umma kina NeST (mfumo wa manunuzi ya umma), hati ya malipo na saini nne. Kwa hiyo mtafiti anaweka kadi yake binafsi akitegemea kurudishiwa, na akaunti yenye data za chuo inakuwa mali ya kadi ya mtu mmoja. Hilo msiliruhusu, tafuteni wakala anayeuza kwa invoisi au mshirika wa nje alipe moja kwa moja.

Watu. Huhitaji mtu wa diski na feni, unahitaji mtu wa kupanga ruhusa, kubana bili na kufunga milango. Watu wanadhani klaudi inafuta kazi ya msimamizi, inaibadilisha tu.

Umeme na mtandao. Umeme sio shida yako. Intaneti ndo kila kitu, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja, Tanzania tukiwa kati ya walioumia zaidi, aliyekuwa na kila kitu nje alikaa kutazama skrini.

Mradi ukiisha. Kadi ikigoma huduma inasimama, na baada ya muda data zinafutwa. Fedha za Marekani zilivyokatika ghafla 2025 miradi mingi haikupata hata muda wa kupanga kufunga. Kwenye klaudi ghafla ya namna hiyo inauma kuliko kwingine.

Inawafaa: kazi za vipindi, mafunzo ya akili mnemba yanayohitaji GPU kwa wiki chache, kazi za setilaiti na hali ya hewa, na miradi ambayo mshirika wa nje ndo mwenye akaunti na mkataba unasema wazi data ni za nani.

Sasa wewe uko wapi kati ya hawa?

Kama una data za wagonjwa na mradi wa miaka mitano: REDCap na data ghafi kwenye seva ya chuo, bakapu iliyosimbwa (asiye na ufunguo haisomi) kwenye mtandao wa kitaifa, na klaudi kwa data zilizoondolewa utambulisho tu, tena baada ya vibali. Mchanganyiko huu ndo unaowatoshea wengi kuliko njia moja peke yake.

Kama unasoma jenomu nyingi na mashine ya kusoma DNA ipo hapo hapo, usijaribu kupandisha data ghafi kwa Mbps 20. Chakata hatua ya kwanza nyumbani, safirisha matokeo madogo. Kama sampuli zinasomwa nje ya nchi basi uliza kinyume chake, kwanini zirudi zote ghafi wakati unaweza kuchakatia kule kule zilipo na kubaki na haki zako kwenye mkataba.

Kama wewe ni mwanafunzi wa uzamili mwenye picha za setilaiti, usiombe seva. Fungua Earth Engine leo jioni.

Kama chuo chenu ni kidogo na mtu wa TEHAMA ni mmoja na nusu, msinunue klasta hata mkipewa. Pigeni simu mtandao wa kitaifa muulize kilichopo mwaka huu, sio kilichoandikwa kwenye brosha.

Kama wewe ni naibu makamu mkuu wa chuo unayesimamia utafiti, swali lako sio mashine. Hakikisha hakuna pendekezo la mradi linatoka bila mtu wa TEHAMA kusaini ukurasa wa data na bajeti yake, na mshahara wa yule mtu wa seva za utafiti utoke kwenye fedha za uendeshaji ambazo chuo kinakata kwa kila mradi, usitegemee mradi mmoja. Najua makato yenyewe ni kidogo, NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, kwa miaka mingi ilitoa asilimia 8 tu kwa taasisi za nje, lakini miradi kumi ikichangia mtu mmoja anapatikana na anabaki.

Na kama mradi wako umebakiza miezi sita na pesa ya vifaa haijatumika na mtu anakushawishi ununue seva ili isirudi kwa mfadhili, omba kibali cha kubadilisha kifungu, lipia hifadhi ya data ya miaka mitano mbele kwenye mtandao wa vyuo kama wanakubali malipo ya mkupuo, na kinachobaki mpeleke kijana mmoja mafunzo ya Linux.